Mwezi wa Kumpeleka Mama Edinburgh

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi huko Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, na ndiko alikojifungulia mtoto wake wa kwanza. Mtoto alikaribia kutembea mama yetu akiwa bado anaijua sura yake ya kwenye simu tu. Kila wakiongea, Mama alisogeza mdomo hadi kwenye kioo, akambusu mjukuu, kisha akakifuta kioo kwa ncha ya khanga. Siku moja mdogo wangu akaniambia, "Kaka, mlete. Tiketi niachie mimi. Wewe chagua mwezi tu."

Nilidhani hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote.

Ngoja nieleze tulivyo. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Makambako, na ninakaa mtaa wa Lyamkena. Mama anaishi kijijini, ng'ambo ya mji wa Njombe. Amevuka miaka sabini, analima mahindi, maharage na viazi, na ana pumu. Hawezi kusafiri peke yake, na mimi siwezi kuondoka isipokuwa shule zikifungwa. Shule zinafungwa Juni na Desemba. Kwa hiyo miezi kumi na miwili ilikuwa imeshapungua na kubaki miwili kabla sijaanza kufikiri.

"Desemba," nilijibu bila kusita.

Upande wa pili nikasikia kicheko.

"Desemba? Kaka, si wewe unayewafundisha watoto wa watu jinsi dunia inavyolizunguka jua?"

Niliona aibu. Kila mwaka ninaingia darasani na chungwa lililochomwa kijiti katikati, ninalizungusha mbele ya tochi, ninawaonyesha wanafunzi kwamba nusu moja ya dunia ikilielekea jua, nusu nyingine imelipa mgongo. Wanafunzi wangu wanafaulu swali hilo. Lakini mdogo wangu aliponiuliza, aliyejibu hakuwa mwalimu. Alijibu mtu wa Njombe. Kwetu Juni ni mwezi ambao umande unaganda juu ya nyasi, asubuhi unakanyaga kitu kinacholia kama chumvi, na wazee wanatoka kwenye ibada wamejifunga mablanketi. Desemba mvua zimeshashika, mahindi yanachungulia, hewa ni laini. Ukitaka kumsafirisha mgonjwa wa kifua, mwili wako wenyewe unakwambia: Desemba.

"Sikiliza," mdogo wangu alisema. "Desemba huku jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, na saa kumi jioni haijafika limeshazama. Naenda kazini giza, narudi giza. Upepo unatoka baharini unaingia hadi kwenye mifupa. Mama utamfungia ndani mwezi mzima kama kuku anayeatamia."

"Sasa lini kuzuri?"

"Mei ni nzuri sana, mvua si nyingi, maua kila mahali. Septemba pia imetulia. Agosti hapana, mji unajaa wageni wa matamasha, hata pa kupita hupati."

"Mei na Septemba niko darasani."

"Basi ni Juni. Juni mchana ni mrefu, watu wanalala kwenye nyasi kama mbuzi. Mlete Juni."

Nilikwenda kijijini Jumamosi iliyofuata nikiwa na furaha ya mtu aliyepata jibu sahihi. Nilimkuta Mama uani, anapepeta maharage. Nikamweleza yote, nikaokota hata kiazi nikamzungushia kama ninavyofanya darasani. Alisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza alipepeta tena mara mbili tatu, akasema, "Juni siendi."

"Mama, kule Juni ni..."

"Nimekusikia, Mwalimu. Kiazi chako kizuri. Nitakwenda Desemba."

"Desemba ni mwezi wa shamba."

"Atapalilia mwingine."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Tangu baba yetu afariki, hakuna mtu aliyeruhusiwa kutia mkono katika shamba la mahindi la Mama kabla yake. Sisi watoto tulikuwa tunasubiri pembeni na majembe mpaka yeye aanze. Kama alikuwa tayari kuliacha shamba hilo likiwa changa, alikuwa anakimbia kitu kikubwa.

Akaanza kusema kwa Kibena, lugha anayoitumia akikasirika au akiogopa. Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili. "Mwezi huo ulimchukua mama yangu. Ukamchukua dada yangu mkubwa, ukarudi kumchukua yule anayemfuata. Kila mwaka unakuja kunigongea mlango na mimi, wewe mwenyewe unajua. Sasa unataka ukanikute ugenini, kwa watu wasiojua kunifunga khanga ya mwisho?"

Alichosema kilikuwa kweli. Kila Juni Mama aliugua. Kifua kilianza kulia kama mlango mkavu, midomo ikabadilika rangi, tukakimbizana kutafuta gari la kumfikisha hospitalini Njombe. Juni ya mwaka uliotangulia nilimbeba mgongoni kutoka nyumbani hadi barabarani, nikishangaa wepesi wake, na njia nzima nilikuwa ninahesabu pumzi zake shingoni mwangu. Kuna mahali nilihesabu nikasubiri, nikasubiri, ndipo ikaja nyingine.

Niliporudi Makambako nilifanya kile ambacho mwalimu hufanya akichanganyikiwa: nilichora jedwali. Upande mmoja hali ya hewa ya Njombe mwezi kwa mwezi, upande wa pili Edinburgh, kama zinavyoonyeshwa kwenye mtandao. Nilipofika katikati ya mwaka kalamu ilisimama. Joto la Juni na Julai ya kule, miezi wanayojivunia, lilikuwa karibu sawa na la Juni na Julai ya kwetu. Niliangalia tena nikidhani nimekosea mstari. Sikukosea. Mwezi wao bora ulikuwa unafanana na mwezi wetu mbaya kuliko yote.

Ningeweza kucheka kama asingekuwa mama yangu. Desemba ya kule ingemwumiza. Juni ya kule ilikuwa Juni ileile aliyokuwa anaikimbia. Na maombi ya viza yalitaka tarehe. Kwa siku kadhaa nilisahau majina ya wanafunzi, nikafundisha somo moja mara mbili kwa darasa lilelile, na wao, watoto wema, hawakuniambia.

Nikampigia mdogo wangu. "Umenidanganya. Juni yenu ni Juni yetu."

"Inawezekana," alisema, "lakini mimi sasa hivi naiita joto. Natembea mikono wazi. Hata wazee wa wodini kwangu Juni wanaomba watolewe nje wakaote jua." Kisha akauliza, "Kaka, kama baridi ni ileile, mbona sisi huku haitulazi?"

Swali hilo halikunitoka. Ninawaambia wanafunzi wangu kwamba jambo moja likileta matokeo mawili tofauti katika sehemu mbili, acheni kulitazama jambo hilo, tafuteni kingine kilichopo pale na hakipo hapa. Ni ushauri mzuri. Sikuwahi kuutumia nyumbani kwa mama yangu.

Nikampeleka Mama hospitalini Njombe siku ambayo hakuwa mgonjwa. Alilalamika njia nzima kwamba ninampotezea muda akiwa mzima. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sweta la kijani juu ya koti jeupe. Nikamwambia, "Daktari, nataka kujua mwezi gani ni salama kumsafirisha."

Hakunijibu mimi. Alimgeukia Mama, akamsalimu, "Kamwene, Mama," kisha akasema, "Hebu nisimulie siku moja ya mwezi wa sita. Tangu unapoamka."

Mama anapenda kuulizwa. Akasimulia. Anaamka, anakwenda jikoni, anawasha kuni kwenye mafiga, anafunga mlango ili joto lisitoke. Anakaa humo humo, anapika, anapukuchua mahindi, anapokea wageni, maana nje hapakaliki. Jioni anahamia chumbani. Jiko la mkaa linatangulia, linawekwa karibu na kitanda, analala.

"Dirisha?"

"Limezibwa vizuri. Upepo hauingii hata kidogo."

"Nani aliliziba?"

"Mwanangu huyu hapa," Mama alisema, na alinyoosha mkono akanigusa begani. "Kila mwaka mwezi wa tano ukiisha anakuja na gunia la mkaa. Anaweka nailoni dirishani, anasokota matambara chini ya mlango. Ananijali sana."

Alisema kwa fahari. Daktari alinitazama, nami nikatazama sakafu.

Nitaeleza alivyonieleza, kwa sababu nyumba nyingi za kwetu zinafanya hivyo na hakuna anayefanya kwa ubaya. Baridi, alisema, inakichokoza kifua chenye pumu, hilo ni kweli. Lakini kinachomlaza Mama ni moshi anaouvuta mchana kutwa katika jiko lililofungwa, halafu hewa ya mkaa anayolala nayo katika chumba kisicho na tundu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu ya kukuamsha. Mtu mzima mwenye afya anaweza asiamke. Mwenye pumu akiamka, ana bahati. Kadiri baridi inavyozidi ndivyo tunavyoziba zaidi, na kadiri tunavyoziba ndivyo anavyokosa hewa, nasi tunaulaumu mwezi.

"Usijihukumu, Mwalimu," aliongeza. "Wengi ninaowapokea hapa msimu wa baridi waliwekewa jiko na watu wanaowapenda."

Nikamgeukia Mama. Nikamuuliza polepole, "Bibi yule, mama yako. Alilala na jiko?"

"Kila mtu analala na jiko."

"Na mama wakubwa?"

Alianza kufunga upya kilemba chake, akakifungua, akakifunga tena.

Daktari hakutuahidi kitu. Alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, ya asubuhi na jioni hata akijisikia mzima, akatufundisha kuitumia, na kumwambia afunike mdomo kwa mtandio akitoka kwenye baridi. Kisha akasema tumjaribu kwanza nyumbani, mwishoni mwa Mei, bila moto ndani. Akipita hapo vizuri, Juni ya Edinburgh haitamshinda. Asipopita, tuahirishe.

Kwa hiyo mwishoni mwa Mei Mama alihamia kwangu Lyamkena. Anayeijua Makambako anajua kwamba upepo wake hauna huruma. Mke wangu alimtandikia mablanketi manne na kila jioni akampa chupa ya maji ya moto ya kukumbatia. Dirisha liliachwa wazi upana wa vidole viwili. Ninaandika jambo hili kirahisi sasa, lakini kuliacha dirisha la mama yako wazi kwenye baridi ile, kwa mikono yako mwenyewe, ni jambo linalokwenda kinyume na malezi yako yote. Jirani mmoja aliliona akaniuliza kama tumegombana na bibi.

Kila alfajiri nilisimama mlangoni kwake nikisikiliza. Nilijifunza sauti zote za kifua kile. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kikohozi kifupi. Siku ya tano alitoka mwenyewe, akanikuta nimesimama kwenye korido na mswaki.

"Unalinda benki?" aliniuliza.

Siku ya tisa ndipo kifua kilipombana. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, naye alikuwa ametoka uani bila mtandio kuangalia kuku. Nilisikia mlio ule ninaoujua. Nilimkuta ameshika nguzo ya kamba ya nguo, mabega yamepanda. Nikaidondosha dawa. Aliiokota yeye. Akavuta, akasubiri kama alivyofundishwa, akavuta tena. Tukakaa kwenye ngazi ya mlango. Nilihesabu pumzi zake. Baada ya muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, mabega yakashuka, akaomba uji.

Nilikuwa nimeshaamua. "Mama, hatuendi. Nitampigia aahirishe."

"Kwa nini?"

"Si umeona?"

"Nimeona," alisema. "Miaka yote kikinibana hivi ninalala hospitali siku nne. Leo nakunywa uji. Wewe umeona nini?"

Sikuwa nimeona hilo. Nilikuwa nimeona tu ile Juni nilipombeba mgongoni, na pumzi iliyochelewa.

Alipomaliza uji aliweka bakuli chini. "Sasa niambie ukweli kama unavyowaambia wanafunzi, usinibembeleze. Nikifia kule itakuwaje?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimeshauliza kwa siri, kwa aibu, kama mwizi. Nikamweleza hatua moja moja: hospitali, karatasi, ndege, gari kutoka Dar es Salaam, ni nani angempokea, ni nani angemfunga khanga, kwamba mdogo wangu angekuwa naye kila hatua na hangeachwa peke yake. Nikamwambia pia kwamba ingechukua siku nyingi, na kwamba siwezi kumwahidi kuwa haitatokea. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda mnadani.

"Nitarudishwa."

"Utarudishwa."

"Basi twende Juni," alisema. "Ilikuwa hiyo tu."

Tulikwenda. Tulikaa wiki tatu. Nitasema machache, kwa sababu mji ule unaelezwa vizuri na wengine. Hewa ilikuwa ya Njombe kabisa, pamoja na ukungu unaopanda kutoka baharini na kumeza minara. Mama alivaa masweta mawili akitembea katikati ya watu waliovaa kaptula, akawahurumia. Nyumba ya mdogo wangu ilipashwa joto na mabomba ya maji ukutani, hapakuwa na moshi popote. Kifua kilimbana mara moja, kwenye ngazi ndefu za mawe, nasi tukakaa hapo hapo, mjukuu akipanda na kushuka mapajani mwake, hadi kikaachia. Watu wakiniuliza siku hizi mwezi gani ni mzuri kwenda Edinburgh, ninawajibu Mei, Juni au Septemba. Lakini ninawaambia waanze na swali jingine: ni kitu gani hasa kinamtisha huyo mnayempeleka? Mkikijua, kalenda inakuwa rahisi.

Tulirudi mwanzoni mwa Julai, ndani kabisa ya baridi. Safari nzima kutoka Dar es Salaam nilikuwa ninaiwaza siku hiyo moja. Mama alikataa kulala Makambako, akataka nyumbani kwake. Tulifika kijijini jua likielekea kuzama. Majirani, akina mama wa usharika wake, walikuwa wametungoja. Walishangilia, wakaipokea mizigo, na mmoja wao, shoga yake wa siku nyingi, akasema kwa furaha, "Mama, pita ndani upumzike. Jiko limewaka tangu saa tisa, chumba chako kimeshapata moto wa kutosha."

Nikaingia. Nailoni ilikuwa imerudishwa dirishani, imebanwa kwa misumari mipya. Matambara chini ya mlango yalikuwa yamefuliwa.

Mama alisimama nyuma yangu. Alikuwa amechoka, uso umempungua kwa siku mbili za safari, vidole vimekufa ganzi. Alinyoosha mikono juu ya makaa, akafumba macho.

"Leo tu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wamejisumbua hivi. Leo tu, baba."

Maisha yangu yote sijawahi kumkatalia kitu kidogo kama kile. Wanawake walikuwa mlangoni wakitabasamu. Niliwaza, usiku mmoja, nitakaa naye, nitafungua mlango. Kisha nikainama, nikashika jiko kwa matambara yale yale, nikalitoa hadi uani, nikarudi kung'oa nailoni. Msumari mmoja ulinichana kidole. Shoga yake Mama alishika mdomo.

Nilijaribu kuwaeleza, kwa upole, yote aliyotufundisha daktari. Walisikiliza. Nadhani wawili walielewa, na mmoja wao aliuliza kama kuacha mlango wazi kidogo kunatosha, nami nikamjibu kwamba ni afadhali jiko libaki nje kabisa. Wengine waliniona mtoto aliyekwenda Ulaya akarudi bila adabu.

Mama hakunisemesha tena jioni ile. Alipanda kitandani na masweta yake mawili na chupa yake ya maji ya moto, akanigeuzia mgongo.

Alfajiri nje kulikuwa kweupe kwa baridi. Nilifika mlangoni kwake nikakuta kimya, kimya kirefu, na mkono wangu ukaganda kwenye kitasa.

"Ingia basi," alisema kutoka ndani, bado amekasirika. "Na hiyo chai, utaileta au na yenyewe imekatazwa?"